Iacheni ya tatu kwa mwimbaji

Nina ugomvi na vinanda vya harusi hapa Mombasa. Sio ukubwa wa sauti, hiyo tumeshaizoea. Ugomvi wangu ni juu ya kibonyezo kimoja tu. Ukipita Kibokoni usiku wa harusi, umkute mwimbaji anavuta taarabu yenye asili ya Kiarabu, na nyuma yake mpiga kinanda amebandika kodi ya C meja, hebu simama kidogo usikilize pale mwimbaji anapofika kwenye sauti ya tatu ya ngazi. Utasikia mkwaruzo. Wengi hudhani mwimbaji ametoka nje ya sauti. Mimi nasema yeye yuko sawa, na aliyekosa ni kinanda.

(Kabla hatujaenda mbali: kodi hapa ni lile fungu la sauti zinazopigwa kwa pamoja. Si ile ya KRA, wala si msimbo wa programu ambao kawaida ndio mazungumzo yetu kwenye ukurasa huu. Waliokuja leo kutafuta Java wanivumilie, tutafika huko kwa njia ya mzunguko.)

Tuanze na hesabu maana hapa petu twapenda hesabu. Kinanda cha kawaida hugawa oktava moja mara 12 zilizo sawa. Wataalamu hupima oktava kwa senti 1200, kwa hivyo kutoka kibonyezo kimoja hadi jirani yake ni senti 100. Ukihesabu kutoka C, ya tatu ya maina (Eb) iko kwenye senti 300, na ya tatu ya meja (E) iko kwenye senti 400. Kati ya hizo mbili hapana kitu. Ni ukuta.

Sasa chukua maqamu ya Rasti, mojawapo ya maqamu za msingi kabisa katika muziki wa Kiarabu. Ya tatu yake hukaa kule kule ndani ya ukuta, karibu na senti 350. Nasema karibu kwa sababu hubadilika kwa mji, kwa fundi, na hata kwa mwendo wa wimbo: ukipanda yaweza kuwa juu kidogo, ukishuka ikalegea. Mpiga udi hana shida nayo, kwa kuwa shingo ya udi haina vizuizi, na kidole huwekwa popote sikio linapotaka. Ndiyo maana marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya kazi yake kubwa hapa Mombasa, aliweza kukupa hiyo sauti bila kumwomba ruhusa mhandisi yeyote wa Japani.

Mkwaruzo wenyewe waweza kupimwa. E ya katikati ya piano hutetema mara 329.6 kwa sekunde. Iteremshe senti 50 na itakuwa kama 320.2. Mwimbaji yuko kwenye 320, kinanda kiko kwenye 329, na tofauti hiyo hutoa mapigo tisa na kidogo kwa kila sekunde. Sikio husikia jambo hilo kama mtu anayetikisa kopo lenye misumari. Ukibadilisha ukapiga C maina hujaponya kitu, maana Eb iko kwenye 311 na mapigo bado ni tisa! Umemtoa mwimbaji kwenye msumari mmoja ukamtia kwenye mwingine.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba mwishowe anayesalimu amri ni binadamu. Kinanda hakichoki wala hakioni haya. Mwimbaji kijana akipigiwa E meja masikioni kila Jumamosi, baada ya miaka miwili sauti yake huhamia huko, na ile ya tatu ya babu zake huwa imekwenda. Hakuna aliyeamua iondoke. Imeondolewa na thamani-msingi ya kiwandani. Sisi waandishi wa programu twalijua jambo hili: watumiaji wengi hawabadilishi kile walichokikuta kwenye mipangilio, kwa hivyo aliyeiweka ile thamani-msingi ndiye mwenye mamlaka halisi. Vinanda vingi vya kujiongoza, ukibonyeza C peke yake kwa mkono wa kushoto, hukupa C meja pamoja na ngoma na besi yake. Hukuiomba ile E. Imejazwa kwa niaba yako.

Dawa yake ninayoipendekeza si ngeni, wala haihitaji kununua kitu. Ni kodi zinazoning'inia, zile ambazo kwenye kioo cha kinanda utaziona zimeandikwa sus2 au sus4, na hasa zile zilizorefushwa hadi ya tisa na ya kumi na tatu. Kwa lugha ya programu, kodi ya meja ni sehemu ya fomu iliyokwisha kujazwa. Kodi inayoning'inia ni ile sehemu iliyoachwa tupu makusudi ili mwenye habari aijaze mwenyewe.

Jina lake lina historia. Katika muziki wa kanisa wa Ulaya ya zamani, sauti ya nne ilikuwa ikibakizwa kutoka kodi iliyotangulia, inaning'inia hewani kidogo, kisha inateremka hadi ya tatu. Ilikuwa lazima iteremke, na kuiacha juu ilikuwa kama kuondoka bila kuaga. Wapigaji jazi ndio walioivunja kanuni hiyo bila kuomba radhi. Sikiliza Maiden Voyage ya Herbie Hancock ya mwaka 1965: kodi inaning'inia, inahama mahali, na inaendelea kuning'inia. Ya tatu haiji kumwokoa mtu. Na muziki hauanguki.

Sasa twende kwenye vibonyezo. Aliye na kinanda karibu akiwashe, hata kile cha mtoto, au zile programu za piano kwenye simu.

Kodi ya kawaida ya C ina C, E na G. Itoe E, mahali pake weka F (ya nne). Hiyo ni Csus4. Ukiweka D (ya pili) badala ya F, ni Csus2. Mpaka hapa ni rahisi, ila zina upweke fulani, kama nyumba isiyo na vyombo. Ndipo kurefusha kunapoingia. Ongeza Bb (kibonyezo cheusi kilicho kushoto mwa B) na D ya juu, upate C9sus4. Ongeza tena A, umepata C13sus4. Usizikariri sauti moja moja, utachoka. Njia ya mkato ni hii: mkono wa kushoto shika C, mkono wa kulia piga Bb meja, yaani Bb, D, F. Tayari una C9sus4. Mkono wa kulia ukiongeza A juu yake, ni C13sus4. Ukitaka kukwepa vibonyezo vyeusi kabisa, hamia G: kushoto G, kulia F, A, C, E. Vyote vyeupe. Hiyo ni G13sus4, na mtu aliyegusa piano kwa mara ya kwanza leo asubuhi aweza kuipiga kabla ya adhuhuri.

Mtego mmoja wa kuangalia ni majina. Kodi ile ile utaiona imeandikwa C9sus4 kwenye karatasi hii, Bb juu ya C kwenye ile, na kwingine C11. Tofauti zao ni ndogo sana, na watu hukesha wakizibishania. Utata huu si wa wanafunzi peke yao. Ile kodi moja inayofungua A Hard Day's Night ya The Beatles (1964) imezozaniwa kwa miongo, na wapo wanaoihesabu katika ukoo huu wa kuning'inia. Jason Brown, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Kanada, aliichambua rekodi kwa hesabu za Fourier, zile zile zinazotumika kwenye kubana faili za sauti, na akafikia kwamba chini ya magitaa yale mna piano. Ubishi haukuisha. Lakini nilimpenda mtu huyo.

Turudi kwenye taarabu, maana C13sus4 nzima nzima haitoshi, na hapa ndipo nataka msomaji anifuate polepole.

Katika Rasti inayoanzia C, sauti mbili hukaa kati kwa kati: ya tatu, na ile ya saba wakati wa kupanda. Zilizobaki, yaani C, D, F, G na A, zakubaliana na kinanda vizuri tu. Tofauti ipo, ila ya senti chache ambazo hazimkeri mtu. Basi zitazame hizo tano. C ni msingi, D ni ya tisa, F ni ya nne, G ni ya tano, A ni ya kumi na tatu. Ni ile ile kodi yetu iliyorefushwa, imekosa ya saba peke yake! Sauti ambazo maqamu imeziacha imara ndizo zinazounda kodi inayoning'inia. Aliyezoea namba za MIDI aandike hivi:

toni = [60, 62, 65, 67, 69]

Hamna 63 wala 64. Hamna 70 wala 71. Ndiyo siri yote.

Kwa mikono: kushoto C na G, kulia D, F, A. Ya tatu ya mwimbaji itaangukia kati ya D na F, senti kama 150 kutoka kila upande, haigusi yeyote. Ukitaka kumpa nafasi zaidi, shika C na F kwa kushoto, na kwa kulia A, D, G zilizopandishwa kwa hatua za nne nne. Kati ya D na G panabaki uwanja mtupu wa mwimbaji kucheza. Mimi hii ya pili ndiyo niipendayo, ingawa mikono midogo hulalamika.

Bb ibakie mfukoni. Kwa desturi Rasti ikishuka, ya saba huteremka hadi Bb halisi, ambayo kinanda kinayo. Hapo ndipo unaiachilia C13sus4 kamili: kushoto C na G, kulia Bb, D, F, A. Watu wataona mwanga umebadilika bila kujua kwa nini. Mwimbaji akitua kwenye C mwisho wa ubeti, ondoa mapambo yote ubakize C na G. Usimalize na E. Tafadhali.

Na Bayati je? Hapa mambo ni mazuri kuliko nilivyotarajia nilipoanza kuyapiga. Bayati inayoanzia D ina sauti ya kati kwa kati kwenye ya pili, ambayo ni E ile ile iliyoshushwa. Kwa hivyo hapa adui ni ya tisa, na wale wanaopachika ya tisa kila mahali kama chumvi wataharibu. Lakini sauti imara ni zipi? C, D, F, G, A. Zile zile tano! Mkono wa kulia waweza kubaki ulipo, wewe uhamishe besi kutoka C kwenda D, na usiizidishe E. Hijazi kwa upande wake haina taabu kubwa. Ya tatu yake ya F# juu ya D iko karibu na ya kinanda, basi ipige ukitaka, au ukipenda kuning'inia, kushoto D na kulia A, C, Eb, G. Sika ndiyo mkaidi. Msingi wenyewe uko mahali ambapo kinanda hakina kibonyezo. Ushauri wangu kwa mpiga kinanda katika Sika: nyoosha mikono, kunywa kahawa, muachie udi na fidla.

Najua nitakayojibiwa. La kwanza, kwamba vinanda vya siku hizi vina sehemu ya kurekebisha ngazi, unashusha E zote kwa senti 50 na shida imekwisha. Ni kweli, na Korg na Yamaha wamewahi kutoa vinanda vilivyolengwa wapiga muziki wa Kiarabu. Kwa mkono wa kulia unaopiga wimbo, mimi naunga mkono asilimia mia. Lakini nilishasema kwamba ile ya tatu haikai mahali pamoja. Ukishusha kwa 50 kamili umejenga ukuta mwingine mahali papya, na mwimbaji anayetaka 340 au 360 bado atakwaruzwa, tena safari hii na mashine inayojiona inajua maqamu. Halafu harusi haina nyimbo za aina moja. Wimbo unaofuata ni wa bongo fleva, umesahau kurudisha ngazi, aibu imekupata mbele ya biarusi.

Kwa walio kwenye programu, mjue kwamba MIDI ya mwaka 1983 ilikuwa na njia ya kupinda sauti kwa hatua 16,384, lakini hupinda chaneli nzima. Ukimteremsha E, C na G wanateremka naye. Njia za kupinda kila sauti peke yake zimekuja baadaye sana, MPE mwaka 2018 na MIDI 2.0 mwaka 2020. Vizuri sana, ila kinanda kilichoko jukwaani Majengo usiku huu hakijasikia habari hizo.

La pili ni zito zaidi: taarabu haikuwa na kodi tangu asili, kwa nini uhangaike kutafuta kodi nzuri? Udi, fidla, sauti, wote hufuata wimbo mmoja, kila mmoja akiupamba kwa njia yake. Hata Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipoketi na harmonia yake, chombo kile kilifuata wimbo. Nakubali. (Na nyimbo zake nyingi zilichukua sauti za filamu za Kihindi, ambazo kwa sehemu kubwa zaenea kwenye vibonyezo 12, kwa hivyo malalamiko yangu ya leo hayahusu upande huo wa taarabu ya Mombasa.) Taishokoto nayo, iliyobuniwa Japani mwaka 1912 ikiwa na vibonyezo kama vya taipureta, ilipofika huku ilipigwa wimbo, ikawa kama mzaliwa. Ningefurahi kinanda nacho kikifanya hivyo hivyo. Lakini sikiliza Mombasa Wedding Special ya Maulidi Juma na kundi lake, iliyotolewa London mwaka 1990: kinanda cha umeme kilishaingia, gitaa la besi lilishaingia. Kodi zimekwisha kukaa nyumbani. Kilichobaki ni kuzifundisha adabu.

Mzee mmoja aliyeimba harusini miaka mingi nilimpigia C meja, kisha ile ya C, F, A, D, G, nikamwomba aimbe mstari ule ule juu ya zote mbili. Kwenye ya kwanza akaacha katikati. "Mwanangu, hicho chanivuta juu." Kwenye ya pili akaimba mpaka mwisho, akarudia mara ya pili bila kuombwa, safari hiyo ya tatu akaiweka chini zaidi. Sikumuuliza kitu kuhusu kodi, na yeye hakuiulizia.

Cha kuchekesha ni kwamba ufundi huu umejaa tele kisiwani. Wapiga kinanda wa makanisani wanauishi. Kila Jumapili, kiongozi anapotaka kupandisha kwaya kwenda kwenye kiitikio, utasikia F juu ya G, yaani G9sus4, imeshikiliwa mpaka watu wasimame. Hawa vijana vidole vyao vinajua ya tisa na ya kumi na tatu kuliko mtu yeyote wa Mji wa Kale. Na baadhi yao, siri ya wazi, ndio hao hao wanaokodiwa Jumamosi kupiga kwenye harusi za taarabu, ambako huzificha kodi zao nzuri na kupiga meja tupu, kwa kudhani kwamba muziki wa zamani wataka kodi rahisi. Nikikutana na mmoja wao nitamwambia azilete zile za Jumapili. Aondoe Bb wakati wa kupanda, asimalizie kwenye E, na kwenye Bayati ya tisa aiache nyumbani.